NANI MTENDAJI WA "MATUKIO" YA JANUARI 2001?



Liko neno moja ambalo limetembea miaka mingi katika vinywa vya wakubwa, likaingia magazetini, likapanda majukwaani, na sasa, kwa masikitiko yetu, limefika mpaka ndani ya matawi ya Chama chetu wenyewe. Neno hilo ni "matukio". Husema "matukio ya tarehe 26 na 27 Januari 2001". Wengine, ambao adabu imewazidi, husema "yale yaliyotokea Pemba". Ati yalitokea! Kama mvua za vuli, kama dagaa kuadimika wakati wa mbalamwezi. Sisi twauliza, na ndiyo shabaha ya makala hii: yalitokezwa na nani?

Sisi tuliosomeshwa chuoni kabla ya kutiwa skuli tulifundishwa mapema kuwa kila kitendo kina mtendaji. Mwalimu alituandikia ubaoni kwamba Zaidi kampiga Amri, na huyo Zaidi yuampiga Amri tangu enzi za mabingwa wa Basra na Kufa, wala hajachoka mpaka leo. Kisha tukaingizwa mlango wa pili wa nahau: kwamba mtendaji aweza kufichwa, ikasemwa tu kuwa Amri kapigwa. Wanavyuoni wametaja sababu za kumficha. Pengine hajulikani. Pengine ajulikana mno hata hapana haja ya kumtaja. Na pengine msemaji amwogopa. Lakini hao mabingwa, pamoja na wingi wa elimu yao, hawakupata kuleta mlango wa tatu, ambao ndani yake watu wanauawa na kitendo hakina mtendaji kabisa. Mlango huo umetungwa na serikali.

Hebu tuukumbuke mwezi ule kwa jumla yake, maana Januari 2001 ulikuwa mwezi uliowatikisa walimwengu, na kwa mtikiso huo ikawa wepesi kuificha Pemba ndani ya vumbi la wengine.

Mwezi ulianza kwa khabari njema, na yafaa tuanze nayo ili isisemwe kuwa jambo hili Mwafrika haliwezi. Tarehe 7 Januari, huko Accra, Bwana Jerry Rawlings, mtu ambaye aliingia madarakani kwa bunduki, alimkabidhi nchi Bwana John Kufuor wa chama cha upinzani, aliyeshinda kwa kura katika duru ya pili ya tarehe 28 Desemba 2000. Alivua, akampa mwenziwe, akatoka. Wakati huo sisi tulikuwa na kidonda kibichi cha uchaguzi wetu wa tarehe 29 Oktoba 2000, ambao watazamaji wa Jumuiya ya Madola waliutazama wakasema upigwe upya Zanzibar nzima, na ambao ulirudiwa tarehe 5 Novemba katika majimbo 16 tu kati ya 50.

Tarehe 13 Januari ardhi ilitetemeka El Salvador, nchi ndogo ya Marekani ya Kati. Walikufa watu 944, na zaidi ya 500 kati yao walifukiwa na kilima kilichoporomoka juu ya mtaa mmoja uitwao Las Colinas, katika mji wa Santa Tecla. Msomaji atasema: hiyo ni kudura, nani wa kuulizwa? Lakini wenyeji wa mji ule waliuliza. Walikuwa wamekwisha kulalamika kabla ya msiba kuwa kilima kile kinavuliwa miti yake na kujengwa majumba, na malalamiko yao hayakusikilizwa. Kutetemeka kwa ardhi walimwachia Mwenyezi Mungu. Habari ya kilima waliwauliza wanadamu.

Tarehe 16 ikawa Kinshasa. Rais Laurent Kabila, mtu ambaye Dar es Salaam ilimjua miaka mingi kabla ya dunia kumjua, alipigwa risasi na mlinzi wake mwenyewe, siku moja kabla ya kutimia miaka 40 tangu kuuawa Patrice Lumumba. Tarehe 26 mwanawe Joseph akaapishwa kushika kiti, kana kwamba Jamhuri ni shamba la mirathi. Kesi iliyofuata ilikuwa ya mahakama ya kijeshi, watu zaidi ya 100 walishitakiwa kwa mkupuo mmoja, na wajuzi wa sheria waliilaumu sana, nasi hatuisifu. Twaitaja kwa sababu moja tu: hata Kongo, nchi iliyokuwa imegawanyika vipande kwa vita, haikusema kuwa Rais wake "alipatwa na tukio".

Tarehe 20 Januari yalikuwa mawili kwa pamoja. Huko Manila watu walijaa katika barabara ya EDSA baada ya maseneta kukataa kuifungua bahasha iliyosemwa kuwa na ushahidi dhidi ya Rais Joseph Estrada, na siku hiyo Rais akatoka ikulu, akaapishwa Bibi Gloria Arroyo. Mwaka 2007 huyo Estrada alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kupora mali ya umma, kisha akasamehewa na Arroyo yule yule kabla hata ya miezi miwili kwisha. Na huko Washington aliapishwa Bwana George W. Bush, ambaye jimbo la Florida alilipata kwa kura 537, na ugomvi wake ulikatwa na majaji watano dhidi ya wanne. Hapa naomba msomaji atue kidogo. Siku ile maelfu ya Wamarekani walisimama katika mvua na baridi wakipiga kelele kuwa uchaguzi umeibwa. Gari la Rais mpya lilirushiwa yai. Polisi walikuwepo tele. Hakuna aliyepigwa risasi. Haikupita juma moja, watu wa Wete na Micheweni walitoka wakidai jambo la namna ile ile, uchaguzi urudiwe, na mimi sijapata kusikia kuwa kulikuwa na hata yai.

Sasa tuifikie Ijumaa ya tarehe 26.

Asubuhi ya siku hiyo, saa kumi na mbili na dakika kumi na sita kwa saa zetu za pwani, huko India ilikuwa saa mbili na dakika arobaini na sita, na Wahindi walikuwa katika sherehe ya Siku ya Jamhuri, ardhi ya Kutch ilitikisika kwa nguvu ya 7.7. Mji wa Bhuj ulianguka. Katika mji wa Anjar watoto wa skuli waliokuwa katika gwaride wakapita njia nyembamba walifukiwa na majumba ya kulia na kushoto. Hesabu ya Serikali ya India ilivuka watu 13,800, na wako waliohesabu 20,000. Kwa sisi wa pwani, Kutch si jina la kwenye ramani tu. Majahazi ya Mandvi yalikuwa yakiletwa na kaskazi mpaka bandari zetu tangu zamani za mababu. Nyumba ya Jairam Shivji, iliyokodi forodha ya Zanzibar wakati wa Sayyid Said, asili yake ni huko huko. Nguo, vyungu, bizari, hesabu za duka, mengi katika hayo yalipita mikononi mwa watu wa Kutch kabla ya kutufikia.

Mwaka ule mimi nilikuwa kijana nikisimama nyuma ya meza ya duka la ami yangu hapa Tanga. Jirani yetu, mwenye duka kama sisi, alikuwa na dada zake Bhuj, na kwa siku tatu simu haikushika. Aliweka sanduku la bati juu ya meza yake, na kila mtu akatia alichojaaliwa, Mwislamu, Mkristo na Baniani, mchana kweupe, na wengine walitaja kiasi kwa sauti ili wasikiwe. Jambo jema, na Mungu awalipe. Lakini juma lile lile walikuwapo wazee wenye watoto wao Wete ambao nao walihitaji kusaidiwa, na hao walisaidiwa usiku. Pesa zilitiwa ndani ya gazeti lililokunjwa. Mtu alikuja dukani, akanunua kibiriti, akaacha noti asidai chenji, akaondoka bila ya kusema ni ya nini. Kwa nini sadaka ya Bhuj ilikwenda kwa miguu yake na sadaka ya Pemba ikatambaa? Kwa sababu kila mtu alijua kuwa zilzala haina askari wa siri.

Na huko India nako walijua kuuliza. Mji wa Ahmedabad uko mbali na kitovu cha zilzala, zaidi ya kilomita 200, na hata hivyo majumba ya ghorofa yaliporomoka na watu wapatao 700 na zaidi wakafa. Wenye akili walitazama wakaona kuwa jumba moja limelala na la jirani yake limesimama, na ardhi ni moja. Basi hawakumaliza kwa kusema "matukio". Polisi walifungua mashitaka juu ya wajenzi na mainjinia, na wengine walikamatwa. Iwapo kesi zao ziliishia pema au pabaya ni mazungumzo mengine, lakini msingi uliwekwa: hata Mungu anapoitikisa ardhi, aliyeiba saruji ataulizwa habari ya saruji yake.

Ndugu zanguni, kama zilzala ilipata washitakiwa, vipi risasi zikose?

Saa chache baada ya Bhuj kuanguka, adhuhuri ya Ijumaa ile ile, polisi waliwapiga risasi watu wawili wakafa baada ya sala katika msikiti wa Mwembetanga, mjini Zanzibar, na mmoja wao alikuwa imamu. Jana yake Profesa Ibrahim Lipumba, Mwenyekiti wa Chama cha Wananchi, alikuwa amekamatwa Dar es Salaam. Siku ya pili, Jumamosi tarehe 27, watu walitoka katika maandamano ambayo Serikali ilikuwa imeyapiga marufuku, wakidai uchaguzi mpya na tume iliyo huru, Unguja na Pemba, na kule Pemba Wete, Chake Chake, Micheweni na Mkoani. Polisi wakafyatua risasi za moto. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Aprili 2002, lilihesabu waliouawa kuwa si chini ya 35, na waliojeruhiwa zaidi ya 600. Tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, iliyotokana na Muafaka wa tarehe 10 Oktoba 2001, ilihesabu vifo 31. Hatutagombana kwa watu wanne. Mwenye kutaka 31 achukue 31, kisha atujibu mtendaji nani.

Na katika maiti wa siku ile alikuwepo askari polisi aliyeuawa Micheweni. Hatumfichi. Naye alikuwa mwana wa watu, na kitendo chake kina mtendaji kama vingine. Lakini wale waliomtaja yeye kila siku walijua sana kusema kuwa "aliuawa na waandamanaji". Tazameni nahau hiyo! Askari mmoja akifa, mtendaji huonekana mara moja, na wingi wake hutajwa. Raia 30 wakifa, huwa ni matukio.

Kisha ikaja aibu ambayo nchi yetu haikuwa imepata kuiona. Tanzania, iliyowapokea watu wa Msumbiji, wa Rwanda, wa Burundi na wa Kongo, ilitoa wakimbizi wake yenyewe. Zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kwa mashua mpaka Shimoni, pwani ya Kenya, na wengine wao baadaye walihamishiwa Dadaab, katika kambi za jangwani, mahali ambapo Mpemba hakupata kuota kuwa atalala. Mtu haikimbii nchi yake kwa sababu ya tukio. Hukimbia mtu mwenye bunduki.

Najua yatakayosemwa, maana yamesemwa mbele yangu dukani mara nyingi.

Wa kwanza husema: maandamano yalikatazwa, na polisi walijihami. Tumesikia. Sheria ya nchi inamwekea anayeandamana bila kibali adhabu yake, naye hupelekwa kwa hakimu, akasomewa shitaka, akajitetea. Hatuijui sheria ambayo adhabu ya kuandamana ni risasi. Na kama palikuwa na askari aliyejihami kweli, jambo hilo lathibitika mahakamani, kwa jina lake na namba yake na mahali aliposimama. Kwa nini basi mwenye haki akimbie pale ambapo haki yake ingedhihirika?

Wa pili ni mtu wa msikitini, na huyu nampenda, lakini yuakosea. Husema: kila kitu ni kwa kadari ya Mwenyezi Mungu, ajali zao zilifika. Ewe Sheikh, tumeamini kadari pamoja nawe. Lakini Qurani hiyo hiyo, katika Suratun-Nisaa, imemwekea aliyeua Muislamu kwa bahati mbaya kafara yake, na dia apelekewe wenyewe wa maiti isipokuwa wakisamehe. Kwa bahati mbaya, si kwa kusudi! Ingekuwa kadari inafuta jina la muuaji, dia angelipa nani? Na wenyewe wa maiti wangemsamehe nani?

Wa tatu ni mwanasiasa, na yeye ndiye wa khatari kuliko wenziwe kwa kuwa husema kwa upole. Asema: Muafaka ulitiwa saini, Bwana Philip Mangula kwa upande wa CCM na Maalim Seif Shariff Hamad kwa upande wa CUF, kisha yakaja maridhiano ya 2010 na serikali ya umoja wa kitaifa, na Maalim mwenyewe alifariki tarehe 17 Februari 2021 akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais, kwa nini kufukua? Jibu letu ni jibu la duka. Mimi nina daftari la mkopo. Mteja akija tukapatana kuwa deni lake nimelisamehe, naandika jina lake, naandika kiasi, kisha napiga mstari. Siwezi kusamehe ukurasa mtupu. Suluhu ya 2001 ilikuwa na kheri nyingi, ilizuia damu nyingine, na sisi tuliiunga mkono na twaiunga mkono. Lakini katika daftari lile upande wa jina la mdaiwa uliachwa mweupe. Hakuna askari wala kamanda aliyehukumiwa kwa risasi za siku zile. Walioandaa suluhu walikuwa na haki ya kupiga mstari juu ya ugomvi wa vyama vyao. Damu ya watu wa Micheweni haikuwa mali ya chama chochote hata kisamehe kwa niaba yao, cha kwao wala chetu.

Na aliyekuwa mkubwa wao wote wakati ule, Rais Benjamin Mkapa, alipoandika kitabu cha maisha yake mwaka 2019, hakulipita jambo hili. Aliyataja mauaji ya Pemba kuwa ni doa katika utawala wake. Amekwisha kutangulia mbele ya haki tangu Julai 2020, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Sisi twalishika neno lake moja tu. Yeye aliyekuwa Amiri Jeshi Mkuu alikubali kuwa ni mauaji. Itakuwaje makarani na makatibu waliokuwa chini yake waendelee na matukio?

Wengine wataniuliza: wewe uko Raskazone, Tanga, bara, Pemba yakuhusu nini? Aulizaye hivyo hajasimama ufukweni hapa alfajiri. Mashua za Wete na Mkoani hufunga kwetu, vitunguu na viazi vyetu huliwa kwao, karafuu zao hunukia kwetu, na ndoa zimekwenda na kurudi juu ya mkondo ule wa Pemba mpaka hapana ajuaye ukoo upi ulianzia ng'ambo ipi. Tena bunduki zile hazikuwa za Pemba. Zilikuwa za polisi wa Jamhuri ya Muungano, zilizonunuliwa kwa kodi yangu na yako. Basi ninayo haki ya kuuliza zilivyotumika, kama ninavyouliza mizani yangu inapopungua.

Sasa tunasema na Chama chetu, maana kumsema adui peke yake ni kazi rahisi. Kila mwaka inapofika tarehe 27 Januari hufanywa khitma, hupikwa, husomwa, kisha huinuka msemaji na neno la kwanza katika kinywa chake ni lile lile: "tumekutana kuyakumbuka matukio". Twamuomba aliache. Twawaomba makatibu wa matawi walifute katika barua, katika mabango na katika mihutasari yao, na badala yake waandike kama tulivyofundishwa chuoni, kitendo na mtendaji wake: polisi waliwapiga watu risasi, wakawaua. Yasomwe majina ya maiti, mmoja mmoja, na baba zao, na mahali walipoangukia. Na akiwepo mgeni wa Serikali katika shughuli hiyo, akasimama, akasema "matukio", basi asizomewe wala asikatizwe. Angojwe amalize, kisha mzee mmoja wa pale pale ainuke kwa adabu amuulize mtendaji alikuwa nani, na watu wote wakae kimya mpaka ajibu.

Mwenye Duka,
Raskazone, Tanga